Subiri Kidogo Kwenye Jiwe Jeupe

Tarehe 6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza-mjomba na watoto, ambao kila picha ikija wamerefuka na suruali zimebaki pale pale. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu amefaulu darasa na tangu siku hiyo nyumba nzima haina raha, kila neno tunalosema analisahihisha. Paa la jiko tumelibadilisha. Ng'ombe wa jirani amezaa ndama mwenye madoa na jirani amekuwa na maringo kama amemzaa yeye.

Sasa neno lenyewe. Lile lori mliloliita Bikizee, tangu mwishoni mwa mwaka naliendesha mimi. Usicheke. Kule mjini nilikuwa naendesha pikapu ya duka la misumari, kazi hiyo nimeiacha, nimerudi nyumbani. Baba amepumzika. Kila asubuhi nazunguka kwa wafugaji nakusanya makopo ya maziwa, napanda mlima, nashuka upande wa pili mpaka lami, nafikisha kiwandani. Jioni narudi na makopo matupu.

Shida yangu ni kwamba gari hili silijui. Nikishuka mlima na mzigo, breki zinanuka kama nywele zilizoungua. Kwenye kichwa cha gia kuna kitufe ambacho maandishi yake uliyafuta kwa kidole gumba chako, na sakafuni kuna gia nyingine ndogo ambayo bado sijathubutu kuigusa. Kiangazi hiki nimejiendea hivyo hivyo. Lakini masika yanakuja, na wewe unaujua ule mlima ukilowa. Msimamizi wa kiwanda ameshanitamkia: maziwa yakichacha mara mbili kwa sababu ya barabara, kazi anampa mtu mwenye lori jipya. Bikizee akikosa kazi hatutamweka uani kama pambo. Atauzwa, na sisi hatuna kingine.

Baba hana maneno mengi siku hizi, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mimi mpwa wako.


Tarehe 25 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Sisi tuzima. Mgongo wangu unanisumbua, lakini ni mgongo wa dereva, ukiacha kuuma nitajua nimekufa. Mkaza-mjomba wako anakusalimu, anasema mwanamke kuendesha lori si ajabu, ajabu ni kwamba lori lile bado linaendeshwa. Nisalimie mdogo wako mwalimu. Nisalimie jirani na ndama wake, na jogoo pia kama hamjamla.

Kitufe hicho kinaitwa ovadraivu. Ni cha barabara ndefu, tambarare, gari limeshachangamka na mzigo si mzito. Hapo injini inapumzika: magurudumu yanakimbia, yenyewe inazunguka taratibu, na mafuta hayaliwi ovyo. Mimi huku kwenye lami ya kampuni naendesha hivyo kutwa nzima mpaka usingizi unanipiga kofi. Ila ukipanda mlima, zima. Ukiwa umejaza mzigo, zima. Na ukishuka na mzigo, zima kabla hata hujafikiri. Ukishuka na ovadraivu injini haikushikilii, gari linajiachia, na kazi yote inaziangukia breki. Hiyo harufu ya nywele ndiyo hiyo. Siku moja harufu itaisha, na breki nazo zitakuwa zimeisha. Zima, rudi gia mbili au tatu, iache injini ikuzuie.

Gia ndogo ya sakafuni ni ya foo-wili, ya kuyafanya magurudumu yote manne yavute. Ina sehemu mbili, nyepesi na nzito. Kwenye lami kavu usiiguse hata kwa kutania. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana, gari litakaza, kona haitakata, na ukitaka kuitoa gia itagoma. Foo-wili ni ya matope na mchanga, na inaingizwa kabla ya tope. Ukishazama ndiyo unavuta, umechelewa.

Mvua ikikaribia niandikie, nikueleze ule mlima hatua kwa hatua. Nimeupanda mara nyingi kuliko ngazi za nyumba hii.

Kuhusu huyo asiye na maneno mengi siku hizi: hata siku zile hakuwa nayo. Siku aliyotakiwa kuwa nayo alikaa kimya, nami nikafika kukuta kaburi la dada yangu limeshafunikwa na watu wanakunja mikeka. Tuishie hapo. Kwako wewe sina kinyongo, mama.

Mjomba wako.


Tarehe 21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la kiwanda mpaka karani akaikumbuka, ndiyo maana nachelewa. Mkaza-mjomba mwambie nimecheka mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kuna nini, akasahihisha na kicheko. Pole kwa mgongo. Jogoo tulishamla, alikuwa mgumu kama tairi.

Ovadraivu nimeizima kwenye mteremko na breki zimeacha kunuka. Siku ya kwanza injini ilipiga kelele nikadhani inapasuka, kumbe ndiyo kunishikilia kwenyewe. Ahsante. Nilikuwa nashuka huku nasoma dua, siku hizi nashuka huku naimba.

Juzi nimefanya ujinga, nikuambie ucheke. Niliijaribu ile gia ndogo hapa uani, nikaisahau. Nimekwenda nayo mlima mzima, nikaingia lami, mpaka kiwandani, ndipo nikaiona. Nikajua nimeshalivunja. Lakini wapi, gari halikukaza, kona zote limekata, na gia imetoka kama kisu kwenye siagi. Basi, ama wewe umezidisha chumvi, ama Bikizee ana adabu kuliko ulivyomwacha.

Hilo la mama sitalijibu leo. Nasema tu, njoo utuone. Kuna mtu hapa angefurahi, hata kama hatasema. Usiniulize zaidi, wewe njoo.

Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima asubuhi. Nieleze.

Mpwa wako.


Tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku joto, vumbi, na bosi mpya kijana anayetufundisha kushika usukani. Watoto wazima. Mkaza-mjomba wako kanunua cherehani na sasa nguo zangu zote zina mifuko.

Kama gari halikukaza, basi hukuingiza. Uliisukuma nusu, ikakaa kati, ukajiona dereva. Ndiyo mikono ya duka la misumari hiyo. Ukiingiza sawasawa utasikia *tok*, na utaisikia mpaka kwenye nyayo.

Sasa shika haya. Ukipita nyumba ya mwisho, njia inapogeuka nyekundu, upande wa kushoto kuna jiwe jeupe kubwa. Simama hapo. Usipande bila kusimama, hata kama unaona pamekauka. Kanyaga klachi, vuta gia ndogo, foo-wili nyepesi. Halafu subiri kidogo. Mimi nilikuwa nawasha sigara, naivuta nusu, naizima, ndipo tunapanda. Wewe huvuti, basi subiri tu, injini nayo inapenda kupumua. Kisha gia mbili, mguu mmoja kwenye mafuta, usiongeze usipunguze. Ukiongeza, magurudumu yatazunguka mahali pamoja na kujichimbia kaburi. Makopo yakiwa matupu ndiyo hatari zaidi kwa kurudi, nyuma panakuwa pepesi. Weka mawe juu ya ekseli ya nyuma.

Ukifika kileleni, simama tena, weka foo-wili nzito, gia moja, ushuke. Usiguse klachi. Breki kwenye utelezi ni mwaliko wa bondeni. Ukifika lami, toa kila kitu, na ukitaka ovadraivu basi hapo ndipo pake.

Umesema nije. Nimesoma. Mwenye nyumba hajanialika, na mimi siingii kwa mtu kwa kualikwa na mtoto wake. Kama ana neno, ana mkono wa kuandikia. Nashangaa hata haya ya gari kwa nini hukumwuliza yeye. Alikaa kiti cha mlangoni miaka yote ile mimi nikiendesha, hakuwa analala.

Mjomba wako.


Tarehe 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie wote. Sitaandika kwamba hatujambo, nimechoka kuandika hivyo.

Baba hana mkono wa kuandikia. Baba alipigwa na kiharusi mwishoni mwa mwaka, upande wote wa kulia umelala, na ulimi nao. Ndiyo maana niliacha kazi mjini. Niliposema hana maneno mengi nilisema kweli, wewe ndiye uliyeisoma unavyotaka. Na mimi nilikuficha kwa sababu nilimwuliza kama nikuandikie habari zake, akatikisa kichwa. Nikamwuliza tena siku nyingine, akatikisa tena mpaka machozi yakamtoka, sikuuliza tena.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mvua ilipoanza nilifuata maneno yako yote. Nilisimama kwenye jiwe jeupe, nikavuta gia, nikasikia *tok* yako mpaka kwenye nyayo, nikasubiri kidogo kama mjinga, nikapanda. Nikakwama hatua chache tu juu ya jiwe. Maziwa yalichacha, nikayamwaga bondeni huku wafugaji wenyewe wananitazama. Msimamizi akanikumbusha: bado moja.

Wiki iliyofuata baba alikuwa na kliniki hospitali ya bondeni. Nikampakia pamoja na maziwa, nikamfunga shuka kifuani asiyumbe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nikasimama kwenye jiwe jeupe. Nikavuta gia. Nikasubiri kidogo. Baba akaanza kupiga mlango kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Tulia baba, tunaondoka sasa hivi." Akazidi. Nikadhani anataka kwenda haja, nikamwambia, "Vumilia, tukifika juu." Unajua nilipokuwa mdogo, nilipokuwa nakaa katikati yenu, kila mkisimama hapo baba alikuwa anashuka, na mimi nilidhani anakwenda haja. Nilidhani ana kibofu kibovu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nadhani hivyo.

Nikaanza kupanda. Gari likanyanyuka kidogo, likaanza kuzungusha magurudumu, likarudi nyuma likivutwa na mzigo, nyuma ni bonde. Nikakanyaga breki, likasimama limekaa mshazari. Nikashika usukani nikalia, Mjomba. Niliona kazi imekwenda, gari limekwenda, na sisi pengine tunakwenda nalo.

Niligeuka nikakuta mlango uko wazi na baba hayupo.

Alikuwa amejiangusha chini. Mguu ule umelala, kwa hiyo aliburuza tumbo kwenye tope mpaka kwenye gurudumu la mbele. Nilipomfikia alikuwa anachokoa matope kwa kidole katikati ya gurudumu, kwenye kile kifuniko ambacho mafundi wanakiita habu. Nikamshika nimwinue, akanisukuma. Kuna kishikio kidogo hapo, na mshale. Akakizungusha kwa mkono mmoja, meno kayauma, mpaka mshale ukahamia upande wa pili. Kisha akaninyooshea kidole: gurudumu la upande wangu. Ndipo nilipoyatazama matairi ya mbele. Ya nyuma yalikuwa yamekula tope mpaka hayaonekani, ya mbele yamepakwa tope tu, hayajachimba hata shimo. Hayakuwa yamevuta hata kidogo. Siku zote hizo yalikuwa wageni wanaotazama wenzao wakilima.

Nilizungusha la upande wangu. Nikampakia baba, sijui hata nilimnyanyuaje. Bikizee akapanda ule mlima kama anapanda kitanda. Maziwa yalifika mazima.

Lakini baba aliloa. Usiku ule ule kifua kilibana, na mpaka leo hajatoka wodini.

Uliniandikia mlima mzima, jiwe, klachi, sigara, mawe juu ya ekseli. Hukuandika kwamba kuna mtu anashuka. Ulimtoa kwenye salamu, nikanyamaza. Ukamtoa hata kwenye gari?

Na hilo la mama, sasa nalijibu. Siku ile ya mazishi baba aliteremka mpaka lami akakusubiri. Basi likapita, likapita jingine, hukuwemo. Mvua ilikuwa inabomoa njia. Akarudi, wazee wakasema hapana tena kungoja. Wewe ulipofika na kuanza kupiga kelele pale makaburini, suruali yake ilikuwa bado ina tope la kukungoja. Hakusema. Hajui kujisemea, na wewe hukuuliza.

Mpwa wako.


Tarehe 27 Mei

Mpwa wangu,

Nimeanza kuandika salamu nikazifuta. Msalimie baba yako. Hiyo ndiyo salamu yangu, wengine wanisamehe.

Barua yako nimeisoma kwenye maegesho ya kampuni, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Kwanza nilikasirika. Nilisema, mlinificha dada, sasa mlitaka kunificha na huyu. Nilikuwa na maneno makali kweli. Kisha nikafika pale alipochokoa matope kwa kidole, nikarudi kuisoma upya tangu mwanzo.

Habu nazijua, mwanangu: zisipofungwa, nguvu ya gia haifiki kwenye magurudumu ya mbele. Dereva gani hazijui? Lakini mkono wangu haukuwahi kuzigusa. Nilikuwa navuta gia, nawasha sigara, namsikia anashuka, simtazami. Anazunguka upande huu, anazunguka upande ule, anapanda, anafuta mikono kwenye gunia. Kwangu mimi huko ndiko kuingiza foo-wili: navuta gia, nasubiri kidogo, gari lina nguvu. Nilipokuandikia "subiri kidogo" niliandika kwa moyo safi kabisa. Nilidhani nasubiri injini ipumue. Kumbe nilikuwa namsubiri yeye.

Na wewe uliniambia. Uliniandikia umekwenda lami nzima na gia imeingia na gari halikukaza. Mtoto wa kwanza wa gereji angejua habu ziko wazi. Mimi nilisoma nikaanza kukutania na mikono yako. Ningeweza kukuua, mpwa wangu, wewe na yeye, kwa barua nzuri iliyoandikwa vizuri.

Ukimaliza utelezi uzirudishe habu wazi, zisile mafuta bure. Na funga zote mbili, usifunge moja.

Ile siku ya mama yako, basi langu liliharibika njiani. Sikuwahi kumwambia hilo. Nilikuja na hasira zangu tayari.

Nataka kuja. Sijui nitaingiaje. Nikimkuta amelala pale, nianze na neno gani? Niambie anaendeleaje. Niambie kama atanitaka.

Mjomba wako.


Tarehe 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea barua yako wodini, polepole, mara mbili. Pale kwenye sigara alicheka na nusu ya mdomo iliyobaki hai. Halafu akainua mkono wa kushoto akauzungusha hewani, hivi, kama anafunga habu. Muuguzi akaniuliza anataka nini, nikamwambia anatengeneza gari.

Nilimwuliza, "Mjomba aje?" Safari hii hakutikisa kichwa.

Daktari anasema kifua hakisafiki na moyo umechoka. Amesema nimchukue nikae naye nyumbani. Unajua daktari akisema hivyo maana yake nini. Keshokutwa nampandisha.

Wewe na baba nyote wawili mlisubiri mtu aseme kwanza. Basi nasema mimi. Usiandike tena. Njoo.

Mpwa wako.


Tarehe 14 Juni

Mama,

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, nimeondoka. Karatasi hii nampa dereva wa basi linalotangulia, ni rafiki yangu, ataiacha kiwandani. Mimi niko kwenye basi la nyuma yake.

Niteremkie mpaka lami. Kama mvua inanyesha, teremka hivyo hivyo. Kama ana nguvu ya kukaa, mlete. Mwambie namwomba angoje, na mara hii basi nitakuwemo.

Mwambie asogee katikati, pale ulipokuwa unakaa wewe. Mlangoni nakaa mimi. Lami inapoishia, kabla hatujapanda, fanya kama kwenye jiwe jeupe: vuta gia, halafu subiri kidogo. Nitashuka mimi.